Wazazi wanasikia, mtoto hasikii: hitilafu imetokea wapi ndani ya sikio?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi nauza samaki pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwanangu wa kwanza ana miaka miwili na nusu na hasikii kabisa. Hospitali walituambia seli za kusikia ndani ya sikio hazifanyi kazi, na kwamba huenda ni jeni. Mimi na baba yake tunasikia vizuri, na pande zote mbili hatujawahi kuwa na kiziwi. Mama mkwe anasema tatizo limetoka kwetu. Naomba unieleweshe: hizo seli zinaumbwaje, na jeni inaziharibuje? Kwa nini zisiote nyingine? Nimesikia China wanatibu watoto kwa kuwawekea jeni, je, na wangu? Sasa hivi nina ujauzito wa miezi mitano.

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa maneno ya nyumbani. Nianze na hilo la ukwe, maana kitaalamu ndilo jepesi kuliko yote. Karibu kila jeni tunayo kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Sehemu kubwa ya uziwi wa kurithi unaoonekana tangu kuzaliwa hutokea pale tu mtoto anapopokea nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Mwenye moja mbovu na moja nzima anasikia kama kawaida, anaoa, anazaa, anairithisha nakala ile kwa wajukuu bila mtu yeyote kujua. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanaozaliwa viziwi wana wazazi wanaosikia. Kwa hiyo kama ya mwanao ni ya aina hii, imetoka kwako na kwa mwenzio sawa kwa sawa, na mama mkwe mwenyewe huenda amekaa nayo maisha yake yote. Kumweleza hilo mwachie mumeo. Mwana husikilizwa kuliko mkwe.

Kwa hali hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto asiyesikia, na mimba ya pili haiangalii ya kwanza ilikuwaje. Lakini hesabu hii ni halali tu kama kweli ni jeni, na wewe umeandika "huenda". Je, ulipata homa na vipele mimba ikiwa changa? Rubella ya mama huharibu sikio la mtoto tumboni, na chanjo ya surua-rubella ilianza kutolewa kwa watoto wa Tanzania mwaka 2014, huenda wewe ukiwa umeshavuka umri wake. Mtoto alipata manjano kali, homa ya uti wa mgongo, au alilazwa siku za mwanzo akachomwa sindano za jenta? Dawa za ukoo wa gentamisini huingia ndani ya seli za kusikia na zinaweza kuziua. Tena wapo watu waliorithi kwa mama zao badiliko moja dogo, lililoelezwa na watafiti mwaka 1993, linalofanya hata dozi ya kawaida iwe hatari kwa masikio. Simaanishi uikatae jenta mtoto mchanga akipata maambukizi kwenye damu, kwani inaokoa maisha. Ila kama mojawapo ya haya lilitokea, daktari wa masikio anapaswa kulijua kabla ya kuanza kusaka jeni.

Sasa tuingie ndani. Sehemu ya sikio inayosikia inaitwa koklea: mrija mwembamba uliojikunja mizunguko miwili na nusu, ambao ukinyooshwa unafika milimita 35 hivi. Ndani yake, kuanzia mwanzo hadi ncha, umelala ukanda wa seli zenye vinyweleo vidogo sana juu yake. Zimepangwa kwa nidhamu ya kushangaza: safu moja ya seli za ndani, safu tatu za seli za nje. Kila sikio lina kama seli 3,500 za ndani na 12,000 za nje, basi. Sauti ikifika, vinyweleo vinapinda, vijilango vinafunguka, chumvi ya potasiamu inaingia, na seli inapeleka habari kwenye mshipa wa fahamu. Za nje hukuza sauti. Za ndani ndizo zinazoongea na ubongo.

Wewe una faida ambayo wanafunzi wangu wengi hawana. Kesho asubuhi mlaze sangara ubavu na umtazame kabla hujampasua. Kuna mstari unaoanzia nyuma ya shavu, unafuata mgongo, unateremka mpaka ndani ya mkia wenyewe. Kisha mchukue sato, au hata furu: kwake mstari huo umekatika, kipande cha mbele kiko juu, cha nyuma kimeshuka katikati ya ubavu. Kwangua gamba moja kutoka kwenye mstari, uligeuze kwenye mwanga, utaona kijimrija kimepita katikati ya gamba. Humo ndimo samaki anamohisi maji yakitikisika, na seli zinazomhisishia ni za aina ile ile iliyo ndani ya sikio lako, zenye vinyweleo vile vile. Zinaumbwa kwa amri ya jeni zile zile pia. Mengi tunayoyajua kuhusu sikio la binadamu yamejulikana kwa kuchungulia samaki, panya, kuku, na hata inzi.

Sikio la ndani huanza wiki ya nne ya mimba, wakati mama wengi hata hawajajua. Kipande kidogo cha tabaka la nje la kiinitete, kila upande wa kichwa karibu na ubongo wa nyuma, kinakuwa kinene, kinabonyea, kinajifunga na kuwa kifuko. Jeni ziitwazo EYA1 na SIX1 zinafanya kazi hapo, na kwa kuwa zinafanya kazi pia kwenye shingo na figo, hitilafu yake huweza kuonekana sehemu zote tatu. Ndiyo maana daktari makini humkagua shingo mtoto kiziwi na kuulizia figo. (Kile kitundu kidogo mbele ya sikio ambacho watoto wetu wengi wanazaliwa nacho kisikutishe kikiwa peke yake.)

Kisha jeni nyingine, SOX2, huuwekea alama ukanda utakaohusika na kusikia. Panya wakikosa SOX2 kwenye sikio, ukanda huo haupatikani kabisa. Baada ya hapo seli za ukanda zinaamriwa kuacha kugawanyika, amri inayosimamiwa na protini iitwayo p27. Naomba uikumbuke amri hiyo, nitairudia.

Ndipo inapoingia jeni kuu ya habari hii, ATOH1. Ilifahamika kwanza kwa inzi, ambaye anayo inayofanana nayo, inayoumba viungo vyake vya kuhisi mitikisiko. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi kule Houston, Marekani, ilionyesha kwamba panya aliyeondolewa jeni hiyo haumbi hata seli moja ya vinyweleo kwenye sikio la ndani. Si kwamba zinaumbwa vibaya, hazipo. Mwaka uliofuata watafiti wengine waliiwasha jeni hiyo kwenye koklea ya panya wachanga iliyokuwa inatunzwa maabara, zikatokea seli za ziada mahali pasipokuwa pake. Na mwaka 2002 maabara ile ya Houston ilichukua jeni ya inzi ikaiweka kwa panya mahali pa ile ya kwake, na masikio yakaumbika. Mimi nafundisha ukuaji wa kiinitete, na katika somo zima sijui jaribio linaloshangaza darasa kuliko hilo. Amri "kuwa seli ya kuhisi" ni ya kale mno, imekuwepo kabla samaki, ndege na watu hawajaachana njia.

Lakini ukanda wote ukipokea amri hiyo, nani atabaki kuzishikilia seli hizo na kuzihudumia? Hapa kuna mpango mwingine, unaitwa Notch. Seli inayotangulia kuwasha ATOH1 kwa nguvu inaanza kuwagusa jirani zake kwa protini zilizo juu ya ngozi yake, na mguso huo unawazimia ATOH1 wao. Ni kama usukani wa mtumbwi: akishaushika mmoja, waliobaki wanashika makasia. Jirani waliozimwa hawafi. Wanakuwa seli saidizi, zinazozizunguka zile za vinyweleo na kuziwekea mazingira yake. Ukiuvuruga mpango wa Notch kwa panya akiwa tumboni, seli za vinyweleo zinajaa kupita kiasi na saidizi zinapungua. Zile safu nne nadhifu zinatokana na majirani kuzimana hivyo.

Amri ya kuchagua kati ya seli ya ndani na ya nje inatolewa na jeni nyingine tena. Mwaka 2022 maabara ya Jaime García-Añoveros mjini Chicago ilionyesha kuwa TBX2 ndiyo inayoamua: ikiwapo seli inakuwa ya ndani, ikikosekana inageuka kuwa ya nje.

Hadi hapo tumepata seli, lakini bado haisikii. Sasa inaanza kazi ndefu ya ujenzi, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye jibu lako. Vinyweleo vinapaswa kupangwa kwa ngazi, vifupi mbele na virefu nyuma, na ncha ya kifupi kuunganishwa na ubavu wa kirefu kinachofuata kwa uzi mwembamba mno. Jeni MYO7A inatengeneza aina ya mayosini, protini inayovuta na kubeba mizigo ndani ya vinyweleo. CDH23 na PCDH15 zinatengeneza ule uzi. TMC1 ni sehemu ya kijilango kinachofunguliwa na uzi. POU4F3 inaitunza seli isife baada ya kuumbwa. Ipo familia moja ya Israeli, iliyoelezwa mwaka 1998, ambayo hitilafu ya jeni hiyo inawaacha wasikie utotoni halafu usikivu unaanza kupungua wakiwa vijana. Kwao nakala mbovu moja tu inatosha, kwa hiyo inaonekana kizazi hadi kizazi. OTOF inatengeneza otoferlini, protini ambayo bila hiyo seli inasikia vizuri lakini haiwezi kuukabidhi ujumbe kwa mshipa wa fahamu. Na GJB2 haifanyi kazi kwenye seli za vinyweleo kabisa. Inafanya kazi kwa wale saidizi, na ikiharibika mtoto anakuwa kiziwi vile vile.

Jeni za uziwi zinazojulikana sasa zimepita 100, na nyingi zinafanya kazi katika hatua hii ya baadaye. Kwa hiyo kwa watoto wengi wenye uziwi wa kurithi, seli iliumbwa. ATOH1 iliwaka kwa wakati wake, usukani ulishikwa, safu zikapangika. Kilichokosekana ni kifaa kimoja: uzi, kijilango, au protini ya kukabidhi ujumbe. Seli nyingine hubaki hai bila kazi, nyingine hufa taratibu baada ya kuzaliwa.

Hilo linabadilisha kabisa swali lako la kuotesha nyingine. Sangara wako anaotesha. Maabara wanatumia samaki mdogo aitwaye zebrafish: wanaziua seli za mstari wake kwa dawa ya jamii ya jenta, na ndani ya siku chache seli saidizi zimeshajaza nafasi. Kuku na kware nao wanaotesha; hilo lilithibitishwa mwaka 1988 na timu mbili za Marekani, na likawashangaza wengi. Sisi wanyonyeshao hatuwezi kwenye koklea. Ile amri ya kuacha kugawanyika inabaki palepale, na baada ya muda seli saidizi zinaifungia ATOH1 zisiweze kuiwasha tena. Panya wa siku chache bado wanayo nafasi kidogo, ila kufikia wiki mbili imekwisha. Na usidhani mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa kama panya mchanga. Panya anazaliwa hasikii, anaanza kusikia siku ya 12 hivi, wakati mwanadamu anasikia tangu tumboni. Sikio letu siku ya kuzaliwa limeshapita umri wa kugeuza seli.

Watu wamejaribu kulilazimisha. Mwaka 2014 kampuni ya Novartis ilianza majaribio ya kupeleka ATOH1 ndani ya masikio ya watu wazima waliopoteza usikivu, na mpaka leo hayajazaa tiba. Mwaka 2023 dawa ya kampuni nyingine ya Marekani, iliyokusudiwa kuziamsha seli saidizi, ilishindwa kwenye majaribio. Lakini hata ingefaulu, mama, ingekuwa ni tiba ya baba aliyesimama miaka 20 pembeni ya mashine ya kusaga, siyo ya mwanao. Seli mpya ikiota ndani ya sikio lake itaota na jeni zake zile zile. Kama kilichopotea ni uzi wa vinyweleo, seli mpya nayo itakuwa haina uzi. Mtu akikuuzia dawa ya "kuotesha mishipa ya masikio", iwe ya kidonge au ya mitishamba, mwondokee.

Kinachofanyika China ni kitu kingine. Madaktari wa Shanghai walichagua watoto wenye hitilafu ya OTOF peke yake, kwa sababu kwao seli zote zipo na zimejengeka vizuri. Walipeleka nakala nzima ya OTOF ndani ya koklea kwa kutumia kirusi kisichodhuru. Na kwa vile jeni hiyo ni ndefu kuliko mzigo anaoweza kubeba kirusi hicho, waliikata vipande viwili vinavyoungana ndani ya seli. Matokeo yalichapishwa Januari 2024: kati ya watoto 6, watano walianza kusikia. Ni habari kubwa, na majaribio ya aina hiyo yamefanyika pia Marekani na Ulaya. Lakini OTOF ni sehemu ndogo tu ya uziwi wa kurithi. Kama jeni ya mwanao ni nyingine, sindano ile haimsaidii hata akifikishwa Shanghai. Ndiyo maana kujua jeni ipi kuna maana kuliko kujua ya ukoo upi.

Na hapa nikuonye kuhusu vipimo. Baadhi ya maabara hupima GJB2 peke yake, kwa sababu Ulaya na sehemu za Asia ndiyo inayoongoza. Huku kwetu sivyo. Ukiacha maeneo machache, maarufu zaidi likiwa kijiji cha Adamorobe nchini Ghana, GJB2 ni nadra sana kusini mwa Sahara. Profesa Ambroise Wonkam na wenzake waliitafuta kwa watoto viziwi wa Kamerun na Afrika Kusini na wasiipate kuwa sababu. Kwa hiyo ukipewa karatasi inayosema GJB2 ni nzima, haijasema chochote kuhusu zile nyingine 100. Kipimo kinachofaa ni kile kinachosoma jeni nyingi kwa mpigo, na mara nyingi sampuli husafirishwa nje. Waulize wataalamu wa masikio wa hospitali ya Bugando kama kuna utafiti unaopokea familia, kwani bei ya kulipia mwenyewe ni kubwa.

Kuna mambo unayoweza kumweleza daktari bila kipimo chochote. Mtoto alitembea na umri gani? Watoto wenye ugonjwa wa Usher wa aina ya kwanza, ambao MYO7A ni mojawapo ya sababu zake, seli zao za mizani pia hazifanyi kazi, wakachelewa kukaa na kutembea, mara nyingi baada ya mwaka mmoja na nusu. Baadaye huanza kupata shida ya kuona gizani. Hilo likiwa na dalili, macho yapimwe mapema.

Kuhusu msaada wa sasa, kifaa cha kupandikizwa kwenye koklea hakihitaji seli za vinyweleo kabisa. Kinaugusa mshipa wa fahamu moja kwa moja. Muhimbili walianza upandikizaji huo mwaka 2017. Umri wa mwanao bado unaruhusu, ila usisubiri, kwa sababu ubongo usiopata sauti miaka ya mwanzo unayagawa maeneo yake kwa kazi nyingine. Wakati unafuatilia, mwanzishie Lugha ya Alama ya Tanzania leo, wewe na baba yake pamoja naye. Wapo wanaosema alama zitamfanya mvivu wa kusema, sikubaliani nao. Mtoto anahitaji lugha, yoyote, kabla ya shule. CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, watakuelekeza wanaofundisha. Na yeyote anayemwita bubu umrekebishe, maana koo lake ni zima.

Mwisho, huyo uliyembeba. Kwa miezi mitano, yote niliyoyaeleza tangu kifuko cha wiki ya nne hadi safu nne za koklea yameshafanyika. Hakuna chakula wala dawa utakayokula sasa ya kubadilisha jeni zilizotumika. Endelea na kliniki, usimeze dawa bila kumwambia muuguzi kuwa una ujauzito, na akizaliwa apimwe masikio ndani ya mwezi wa kwanza. Waombe vipimo viwili, siyo kimoja. Kile cha haraka, kinachowekwa sikioni na kusikiliza mwangwi, hupima seli za nje tu. Mtoto mwenye hitilafu ya OTOF hukifaulu vizuri kabisa akarudishwa nyumbani kuwa anasikia. Cha pili hubandikwa kichwani na kupima kama ujumbe umefika kwenye ubongo. Mwombe daktari akifanye hicho pia kwa huyu mkubwa, ikiwa hakikufanyika: kama cha kwanza kinaonyesha seli za nje ziko hai na cha pili hakionyeshi kitu, OTOF ndiyo jeni ya kwanza ya kutafutwa.